Kitufe cha Klachi Kinalipwa kwa Kazi Gani?

Katika kumbi za michezo ya video zilizo nyuma ya maduka ya Nakuru, na vilevile kule Kondele mjini Kisumu, mchezaji anayechagua gia za otomatiki kabla ya mbio kuanza hujitayarisha kusikia kejeli. Huambiwa kwamba gari ndilo linalomwendesha yeye, kwamba ushindi wake hauhesabiki, na kwamba dereva kamili hubadilisha gia kwa mkono wake. Kejeli hiyo ina chimbuko linaloeleweka. Matatu nyingi tunazopanda, malori na matrekta yanayobeba miwa huko Muhoroni na Chemelil, pikipiki za bodaboda na tuktuk zinazojaa barabara za Kisumu, karibu zote zina klachi, yaani pedali au wenzo wa kuitenganisha injini na giaboksi kwa kitambo ili gia ibadilishwe. Na hata leseni ya udereva ya Kenya humtenga mtu aliyefuzu kwa gari dogo la otomatiki peke yake, aliye katika daraja la B1, na yule wa B2 anayeruhusiwa kuendesha gari dogo la gia za mkono. Kijana aliyekulia katika mazingira hayo huamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba anayeijua klachi amempita asiyeijua.

Ninakubaliana na nusu ya kejeli hiyo. Kubadilisha gia kwa mkono katika michezo ya mbio ya akedi, yaani ile ambamo gari hukata kona kwa kasi ambayo barabarani ingelipindua na ambamo kugonga ukuta hugharimu sekunde chache tu, humpa mchezaji uwezo wa kweli ambao otomatiki haimpi. Klachi ni habari nyingine. Katika michezo yenye kitufe cha klachi, sehemu kubwa ya faida yake imetokana na uamuzi wa waliotunga programu, nao wachezaji wameipokea kana kwamba ni kanuni ya fizikia. Mambo haya mawili huwekwa pamoja katika menyu za michezo na katika mabishano yetu, na mimi naona yanastahili kuhukumiwa kila moja peke yake.

Tuanze na gia. Injini ya petroli haitoi nguvu sawa katika kila kiwango cha mzunguko. Ikizunguka polepole mno hulemewa, ikizunguka kasi mno nguvu hupungua tena, na katikati kuna eneo ambamo gari huvuta vizuri kuliko pengine pote. Kazi ya gia ni kuiweka injini ndani ya eneo hilo huku kasi ya magurudumu ikipanda na kushuka. Katika mchezo wa video, otomatiki huifanya kazi hiyo kwa kutazama vitu vichache: mshale wa mizunguko umefika wapi, gari linakwenda kasi gani, na mchezaji amebonyeza mafuta kiasi gani. Haitazami kona. Haijui kwamba mbele kidogo barabara inapinda kushoto na kuanza kupanda mlima, kwa hiyo huingiza gia ya nne mahali ambapo mchezaji alihitaji kubaki kwenye ya tatu, kisha hulazimika kuishusha tena gari likiwa katikati ya kona, wakati ambapo magurudumu ya nyuma hayataki kabisa kustushwa. Mchezaji anayebadilisha gia mwenyewe ameiona kona hiyo tangu mbali, na huenda aliipita mara nyingi jana yake; anajua anataka kutoka upande wa pili akiwa gia gani, na anaweza kukaa nayo hata kama mshale umegusa sehemu nyekundu ya mita kwa kitambo kidogo, kwa sababu kuvumilia makelele hayo kuna hasara ndogo kuliko kubadilisha gia mara mbili.

Kuna pia suala la injini kusaidia breki, ambalo madereva wa malori wanaoteremka kutoka Mau Summit kuelekea Salgaa wanalijua kwa namna ya kuogofya zaidi. Sehemu hiyo ya barabara kuu imekuwa na sifa mbaya ya ajali kwa miaka mingi, na miongoni mwa sababu zinazotajwa mara kwa mara ni tabia ya kuweka lori nyutro, yaani bila gia yoyote, ili liteleze lenyewe na kuokoa mafuta, hadi breki zinapopata moto na kushindwa. Lori lililo katika gia ya chini hushikwa na injini yake. Lililo nyutro halina kingine cha kulishika ila breki. Michezo ya akedi haimwadhibu mtu kwa ukali huo, lakini mingi inaifuata kanuni hiyo hiyo. Ukishusha gia mbili kabla ya kona katika Forza Horizon, mchezo wa mbio za magari nitakaoutaja mara nyingi hapa, injini hulizuia gari, uzito huhamia magurudumu ya mbele, na usukani huanza kutii kwa namna ambayo breki peke yake isingeleta. Anayecheza na otomatiki hupata sehemu tu ya msaada huo, tena kwa kuchelewa, kwa kuwa otomatiki husubiri kasi ishuke kwanza ndipo ishushe gia.

Tofauti huonekana wazi zaidi gari linapoendeshwa kwa kuserereka, mkia ukiwa nje na magurudumu ya nyuma yakizunguka kuliko kasi halisi ya gari. Otomatiki husoma mzunguko ule na kudhani kwamba sasa gari limepata kasi ya kustahili gia ya juu. Ikiiingiza gia hiyo, nguvu inayofika kwenye magurudumu hupungua, matairi hushika lami ghafla, na mserereko uliokuwa ukiendelea vizuri hukatika au hulirusha gari upande wa pili. Sijamwona mchezaji aliyefikia alama za juu katika maeneo ya kuserereka ya Forza Horizon akiwa na otomatiki, wala sishangai.

Wanaodai kwamba gia za mkono ni pambo la wapenda uhalisia lisilo na nafasi katika akedi wameisahau historia ya akedi yenyewe. Pole Position ya Namco, iliyotoka mwaka 1982, ilikuwa na wenzo wa gia wenye nafasi mbili tu, ya chini na ya juu. OutRun ya Sega, iliyobuniwa na Yu Suzuki na kutoka mwaka 1986, ikafuata mtindo huo huo, ingawa Ferrari Testarossa ambayo gari la mchezo huo limeigwa kwayo ina gia tano. Nia ya wabunifu ilikuwa kumpa mchezaji jambo la kuamua mbali na kushoto na kulia, na wachezaji nao hawakukawia kugundua hila ambazo hakuna giaboksi ya chuma ingezivumilia, kama ile ya kuuchezesha wenzo kati ya chini na juu ili gari lisipoteze kasi likitoka nje ya barabara. Katika Daytona USA, ambayo Sega waliisambaza duniani mwaka 1994, wenzo ulikuwa na gia nne, na mchezaji aliyezoea aliushusha kutoka gia ya nne hadi ya pili kwa makusudi ili gari lianze kuteleza na kuingia kona likiwa limelala upande. Fundi wa gereji yeyote angetoa machozi kuona gari likitendwa hivyo. Katika akedi hiyo ndiyo iliyokuwa njia sahihi ya kupiga kona, na aliyeshika otomatiki hakuwa nayo.

Kizazi kilichocheza PlayStation 2 na kompyuta za saiba katika miji yetu kilijifunza somo hilo kupitia Need for Speed: Underground ya mwaka 2003. Mbio zake za mstari ulionyooka hazikukubali otomatiki hata kwa aliyeichagua kwingineko. Gari lilikaribia kujiendesha lenyewe ndani ya njia yake, na kazi ya mchezaji ikawa kuutazama mshale, kubadilisha gia kwa wakati wake, na kukwepa magari mengine. Aliyeiacha injini ilie katika sehemu nyekundu kwa muda mrefu aliiua na kuzitazama mbio zikiisha bila yeye. Toleo la Need for Speed la mwaka 2015 lilipotoka bila gia za mkono, wachezaji walilalamika, na mwaka uliofuata zikaongezwa. Ninaitaja habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba hitaji hilo halikutoka kwa wapenda usukani na viti vya bei kubwa; lilitoka kwa watu wanaocheza kwa padi ya kawaida, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili, mchezo usiodai kuwa kielelezo cha udereva.

Simu nazo zimegawanyika pande mbili. Upande mmoja ipo Asphalt 9 ya Gameloft, ya mwaka 2018, yenye mfumo unaoitwa TouchDrive ambao humwondolea mchezaji hata usukani, akabaki kuchagua njia na wakati wa kuongeza kasi. Upande wa pili ipo michezo kama Drag Racing ya Creative Mobile, iliyoenea kwenye simu za Android kuanzia mwaka 2011, na CSR Racing ya mwaka uliofuata, ambayo haina usukani wala kona na ambayo kiini chake chote ni kidole kimoja kugusa gia kwa wakati unaofaa. Watu wengi waliicheza na hawakuchoka upesi. Gia peke yake, bila kitu kingine chochote, inaweza kuubeba mchezo. Sijui mchezo wa akedi uliobebwa na klachi peke yake.

Klachi iliingia kwenye akedi mapema kuliko wengi wanavyodhani, na iliingia kwa mguu. Hard Drivin' ya Atari Games, ya mwaka 1989, ilikuwa na kiti, ufunguo wa kuwashia gari, wenzo wa gia nne na pedali tatu. Mwaka 1999 Yu Suzuki yule yule akatoa F355 Challenge, ambayo toleo lake kubwa lilikuwa na skrini tatu pamoja na pedali ya klachi na wenzo wa gia kama wa gari la kawaida. Namco nao waliwahi kuchukua gari halisi aina ya Eunos Roadster, lile ambalo Mazda huliita MX-5 katika masoko mengine, wakaligeuza kuwa mashine ya kuchezea Ridge Racer. Mashine za namna hiyo zilikuwa na gharama kubwa na zilihitaji nafasi kubwa, lakini ziliheshimu jambo moja la msingi: klachi ilikuwa na kiungo chake cha mwili, nayo ilikuwa na masafa ya kusafiri kutoka juu hadi sakafuni.

Padi haina mguu. Katika Forza Horizon menyu hutoa ngazi tatu, yaani otomatiki, gia za mkono, na gia za mkono pamoja na klachi. Mpangilio wa kawaida kwenye padi ya Xbox huweka kupandisha gia kwenye kitufe cha B, kushusha kwenye X, na klachi kwenye LB, kile kitufe kilicho chini ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Anayechagua ngazi ya pili huikabidhi programu kazi ya klachi, nayo programu imeagizwa kuifanya kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka: hupunguza mafuta, hubadilisha gia, kisha huyarudisha mafuta. Anayechagua ngazi ya tatu na kubonyeza LB karibu sambamba na B, bila kuachilia mafuta, huona gia ikiingia mara moja. Muda anaouokoa ni sehemu ndogo ya sekunde katika kila gia, lakini katika mbio zenye kona nyingi na washindani wa viwango sawa, vipande hivyo hujumlishwa hadi vikaamua nani anatangulia.

Hapo ndipo hoja ya uhalisia inapojikwaa. Nissan GT-R ya R35, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, haikuwahi kutoka kiwandani na pedali ya klachi. Giaboksi yake ina klachi mbili zinazoongozwa na kompyuta, moja ikiwa imeshika gia inayotumika na nyingine ikisubiri na gia inayofuata, na ndiyo maana hubadilisha upesi kuliko mguu wa binadamu yeyote. Bugatti Veyron ya mwaka 2005 nayo ina mfumo wa aina hiyo. Ndani ya mchezo mambo hugeuzwa: magari hayo kwa kawaida hubadilisha gia polepole zaidi yakiachiwa kompyuta, na hupata kasi yakipewa kidole cha mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyefunga shule wiki iliyopita. Sina kinyongo na mwanafunzi huyo. Ninachosema ni kwamba asituambie amekuwa dereva bora wa GT-R, kwa maana mwenye GT-R ya kweli hana pedali ya kukanyaga.

Wapo wanaowataja madereva wa Safari Rally. Wana haki ya kuwataja, kwa kuwa mashindano hayo yaliporejea kwenye kalenda ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, magari yalipita Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior, maeneo ambayo mkazi wa Nakuru huyafikia bila safari ndefu, na wengi walikwenda kusimama vumbini kuyatazama. Lakini waliyaona nini? Gari ambalo Sébastien Ogier alishinda nalo mwaka huo lilibadilisha gia kwa kibao kilicho nyuma ya usukani. Kanuni mpya za daraja la Rally1, zilizoanza mwaka 2022, ziliondoa kibao hicho na kurudisha wenzo wa kuvuta kwa mkono wenye gia tano za kufuatana. Hata hivyo dereva hauhitaji mguu wa klachi kila anapouvuta, kwa sababu umeme wa injini hukatizwa kwa kitambo kifupi sana ili gia iingie. Klachi anaihitaji wakati wa kuondoka, wakati wa kusimama, na anapojinasua mahali alipokwama. Katika Formula 1 jambo hili ni la zamani zaidi: Ferrari 640 ya mwaka 1989 ilikuwa na vibao vya gia nyuma ya usukani, na Nigel Mansell alishinda nayo mbio za kwanza za msimu huo nchini Brazil. Kwa hiyo anayetaka kuwaiga mabingwa wa dunia ataikuta ngazi ya pili ya menyu, ile ya gia za mkono bila klachi, ikifanana nao zaidi kuliko ya tatu.

Kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kwamba kitufe hakina katikati. Mwanafunzi wa udereva aliyesimamishwa kwenye mwinuko wa barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, pale Riat au mbele zaidi kule Nyang'ori, hujifunza kwamba maarifa yote ya klachi yamo katika kipande kifupi cha safari ya pedali, mahali ambapo mtetemo wa injini hubadilika, gari huacha kurudi nyuma, na mwalimu huacha kushika handibreki kwa wasiwasi. Anayeikanyaga mpaka chini na kuiachilia kwa ghafla huizima injini au hulirusha gari. LB kina hali mbili tu, kimebonyezwa au hakijabonyezwa. Vitufe viwili vya padi vyenye masafa, vile vya chini nyuma, vimekwisha kuchukuliwa na mafuta na breki, na hakuna mchezaji ambaye angekubali kuviachia. Klachi iliyobaki imenyang'anywa kile hasa kilichoifanya iwe ustadi, ikageuzwa kuwa amri ya pili inayopaswa kwenda pamoja na ya kwanza.

Haikosi ugumu, na sitaki kuonekana kama ninauficha. Kuoanisha vidole viwili vya mikono tofauti kila gia inapobadilishwa, huku kidole gumba kingine kikiwa kwenye usukani, huhitaji mazoezi hadi mwili uzoee. Kuna jambo la kuchekesha hapa ambalo sijaona likitajwa. Pikipiki zetu zina wenzo wa klachi chini ya vidole vya mkono wa kushoto, na tuktuk za Kisumu zina wenzo huo huo pamoja na gia zinazozungushwa kwa kifundo cha mkono huo huo. LB iko mahali pale pale. Mwendesha bodaboda anayeshika padi kwa mara ya kwanza ana nafasi nzuri ya kuizoea ngazi ya tatu mapema kuliko dereva wa matatu mwenye uzoefu wa miaka mingi, kwa kuwa dereva huyo amejifunza klachi kwa mguu na mguu wake hauna kazi ukumbini. Uhalisia unaosifiwa basi, kama upo, ni wa pikipiki.

Kuna pia matumizi ya klachi ambayo nayakubali bila masharti. Anayetaka kuanzisha mserereko kwa gari lisilo na nguvu nyingi anaweza kubonyeza klachi akiwa ameshika mafuta, akaiacha mizunguko ya injini ipande, kisha akaiachilia klachi ghafla ili magurudumu ya nyuma yapigwe na nguvu hiyo yote kwa mpigo mmoja na kupoteza mshiko. Ufundi huu hutumiwa na madereva wa kuserereka katika mashindano halisi, na katika Forza Horizon hufanya kazi kwa sababu ile ile unayofanyia kazi kwenye lami. Hapo kitufe kinatosha, kwa kuwa jambo lenyewe linataka ukali na halihitaji katikati. Laiti klachi ingewekwa kwa ajili hiyo, na kwa mianzo ya mbio, nisingekuwa na la kulalamikia.

Ninalolilalamikia ni ujira. Forza Horizon humwongezea mchezaji asilimia ya pesa za mchezo kwa misaada anayoizima, na klachi huhesabiwa miongoni mwa hiyo, ikilipwa zaidi ya gia za mkono peke yake. Mchezaji tayari amelipwa kwa kasi. Sasa analipwa tena kwa fedha. Mfumo kama huo huwasukuma watu kwenye ngazi ya tatu kabla ya kuielewa ya pili. Nimewaona vijana wanaobonyeza LB kwa ustadi wa kupigiwa mfano ilhali wanaingia kona ya polepole wakiwa gia ya nne, kwa sababu walijifunza mdundo wa vidole na hawakujifunza kuisoma barabara. Wamelipwa kwa mdundo, hivyo hawana sababu ya kulitafuta lile jingine.

Hali za kumbi zetu zinazidisha tatizo. Anayejifunza nyumbani kwake huweza kuisikiliza injini, na sikio ndilo mwalimu bora wa gia, bora kuliko mshale ambao humlazimu mtu kuyaondoa macho barabarani. Ukumbini kuna skrini kadhaa, mpira wa miguu unachezwa kwenye nyingi kati ya hizo, muziki umefunguliwa, na watazamaji wanatoa maoni yao kwa sauti. Injini ya mchezaji haisikiki hata kidogo. Anabaki na mshale na mtetemo wa padi, kama mtetemo wenyewe bado unafanya kazi, kwani padi za kukodi huchakaa, na vitufe vya juu ya padi navyo haviponi kwa kupigwapigwa mamia ya mara kila siku. Isitoshe muda hulipiwa. Saa za kujifunza kwa kushindwa, ambazo mwenye mashine yake hazihesabu, mteja wa ukumbi huzilipia kwa shilingi zilizokusudiwa nauli. Forza Horizon 5 ilipofika kwenye PlayStation 5 mwezi Aprili 2025, mabishano ya klachi yalipata mlango wa kuingia katika kumbi ambazo hazikuwahi kuwa na Xbox, na ushauri ninaowasikia wenyeji wakiwapa wageni, kwamba waanze moja kwa moja na klachi kwa kuwa ndiyo ya kasi, unawagharimu pesa.

Ushauri wangu kwa mchezaji mgeni ni kinyume cha huo. Achukue gari moja la nguvu za wastani, si lile la kasi kuliko yote, na njia moja yenye kona za aina tofauti. Aweke gia za mkono bila klachi. Kwa kila kona ajiulize swali moja tu kabla ya kufika, kwamba anataka kutoka humo akiwa gia gani, kisha ashushe hadi gia hiyo wakati bado anashika breki na usukani ukiwa bado umenyooka. Mwanzoni atakwenda polepole kuliko alivyokwenda na otomatiki, na kejeli zitaendelea. Baada ya muda ataona kwamba hatazami mshale tena, na kwamba anaikumbuka njia kwa namba za gia zake. Klachi anaweza kuiongeza baadaye ikiwa anashindana na watu wanaoitumia, akijua kwamba anafidia ucheleweshaji uliowekwa na mtu ofisini.

Kwa watungaji wa michezo ninayo haja moja, nayo haihitaji vifaa vipya. Ucheleweshaji wa gia za mkono bila klachi ulinganishwe na giaboksi ya gari husika: mrefu kwa gari la zamani lenye wenzo na pedali tatu, karibu haupo kwa gari la klachi mbili au giaboksi ya mashindano. Hapo klachi ya kitufe ingekuwa na maana katika gari la miaka ya sabini, ingekosa maana katika GT-R, na nyongeza ya pesa ingeweza kuondolewa bila mtu kudhulumiwa. Wafanye hivyo katika toleo lijalo, kisha wahesabu ni wachezaji wangapi watakaoendelea kubonyeza LB kwenye gari lisilo na pedali ya klachi.